Mkono wa Kushoto wa Marehemu Namba Saba

Mkono wa kulia nilikuwa na hakika nao. Niliumwagia maji mwenyewe. Niliona hina iliyoanza kufifia kwenye kucha, nikaona na kovu la mafuta ya moto karibu na kidole gumba. Shida ilikuwa mkono wa kushoto. Kwa wiki tatu sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: je, mkono wa kushoto niliuona, au nilitaka tu uwepo?

Mimi ni mtu wa aina hiyo. Nikifunga kufuli narudi mara mbili kulitikisa. Nikituma ombi la kazi nalisoma upya baada ya kulituma, natafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Nilimaliza chuo, nikapata digrii ya maendeleo ya jamii, nikarudi kwa bibi yangu kijijini, si mbali na Kabuku, kusubiri ajira pamoja na wengine wote wanaosubiri. Chuoni mwalimu mmoja alitufundisha kwamba kabla hujasema jambo ujiulize umelijuaje. Wenzangu waliandika sentensi hiyo kwenye madaftari wakaisahau. Mimi niliimeza.

Mwanamke ninayemzungumzia alikuwa jirani yetu. Aliuza viatu vya mitumba. Kila mwezi alikwenda mjini kufuata mzigo, akarudi nao ndani ya mfuko wa salfeti, akauuza siku za gulio, hapa Kabuku na hata Mombo, ambako abiria wa mabasi walishuka kununua chakula wakaondoka na raba. Alikuwa na mama yake mzazi na binti wa darasa la tatu. Mume alikwenda kutafuta maisha siku nyingi, na inaelekea bado anayatafuta.

Siku ya shambulio alikuwa stendi, mjini, anangoja basi la kurudi. Bomu lililipuka kwenye jengo la kusubiria abiria. Kila mtu nchini anajua kilichotokea baada ya hapo, au anadhani anajua. Katika zile video zilizorekodiwa kwa simu watu wanakimbia, kuna vumbi, na baadaye kidogo inasikika milio ya risasi. Nani alimpiga nani, mimi sijui. Nilikuwa huku nachambua choroko.

Jeneza lilifika siku ya nne, limepigiliwa misumari, na juu yake karatasi iliyoandikwa namba saba. Kijana aliyekuja nalo alikuwa na fomu za kusainiwa na maagizo kwamba lisifunguliwe. Bibi yangu ndiye mwosha maiti wa kike katika kijiji chetu na vijiji viwili vya jirani. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla mama yangu hajaolewa. Alimtazama yule kijana kwa utulivu.

"Nani kamwosha?"

"Wameshasafisha kule alikohifadhiwa, bibi."

"Nimekuuliza kaoshwa na nani. Kusafishwa husafishwa sufuria."

Kijana alisema yeye ametumwa tu. Bibi akamwambia hata yeye ametumwa, tena na mkubwa kuliko wa kwake, na akaagiza patafutwe mtu mwenye nyundo. Hakuna aliyembishia. Kijana alikwenda kukaa kwenye gari, akafunga vioo.

Nieleze namna tulivyomwosha, maana kila kitu kinatokana na hapo. Tulikuwa uani. Wanawake wanne walishika khanga juu pande zote kama kuta, wakatazama nje, kwa sababu wanaoshika kuta hawaruhusiwi kugeuka. Ndani tulibaki wawili, bibi na mimi. Mimi nilisimama upande wa kulia wa marehemu, kazi yangu kumwaga maji. Mwili ulifunikwa shuka muda wote. Anayeosha hupitisha mkono chini ya shuka, na anayemwaga huona kile tu ambacho shuka imesogezwa kukionyesha. Nilimwona uso. Niliuona mkono wa kulia. Alipogeuzwa ubavu wa kushoto niliona mgongo, na chini ya bega la kulia niliona tundu dogo lililozibwa pamba. Bibi alilifunika kwa kitambaa haraka, kama mtu anayefunika chakula kisiingiwe na nzi, akaendelea na kazi. Upande wa kushoto ulikuwa upande wake yeye.

Tulipomaliza kumvisha sanda, mama wa marehemu aliitwa aje kumuaga. Marehemu alifunuliwa uso tu, kama ilivyo desturi. Bibi alinivuta pembeni tulipokuwa tunanawa.

"Ulichokiona humo ndani unakiacha humo ndani. Usimwambie mtu, hata mimi usiniambie."

Nikaitika. Mwosha haelezi mwili wa mtu. Kila mmoja wetu anategemea hilo, kwamba siku ikifika hakuna atakayekaa barazani akasimulia alivyokuta nini wapi.

Miezi ikapita, ripoti ya tume ikatoka. Ilisambaa kwa simu kama inavyosambaa kila kitu. Niliisoma yote, hata viambatisho, kwa sababu siwezi kusoma kitu nusu. Iliandikwa vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza, jinsi ilivyokuwa na aya safi na vichwa vya habari vilivyonyooka. Mahali fulani katikati ilieleza kwamba bomu liliingizwa stendi ndani ya mfuko mkubwa wa salfeti, likiwa limebebwa na mwanamke aliyetokea upande wa Handeni, wilaya yetu, na kwamba mwanamke huyo alikufa papo hapo. Jina hawakulitaja. Walimwita marehemu namba saba. Wakaeleza kwamba mkono wake wa kushoto, ulioshika mfuko, ulikatika kwa mlipuko, na kwamba miili yote ilikaguliwa na wake haukukutwa na jeraha jingine.

Niliisoma aya hiyo nimesimama jikoni, chungu cha maharage kikaungua na sikusikia harufu.

Kijijini hakuna aliyehitaji kuambiwa namba saba ni nani. Karatasi ile juu ya jeneza ilionwa na watu wote waliokuja kuzika. Baada ya juma moja binti yake alirudi kutoka shule na sketi imechanika, amepigana. Walimwita mtoto wa bomu. Bibi yake, mama wa marehemu, alikuwa akikaanga maandazi asubuhi, na yalikuwa yakiisha kabla jua halijapanda. Sasa alirudi ndani na sinia limejaa. Watu hawakumtukana. Walipita tu upande mwingine wa njia, wengine wakimwamkia kwa mbali, kwa adabu zote.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa tume. Ya pili ilikuja nikiwa Kabuku, kwenye banda la chai karibu na pale malori yanapoegeshwa. Nilikwenda kutoa nakala ya vyeti, nikakaa kusubiri umeme urudi. Fundi pikipiki mmoja tunayefahamiana naye alikuwa anaichambua ripoti mbele ya wenzake.

"Ile ripoti iliandikwa kabla hata bomu halijalipuka," alisema. "Nina mtu wangu."

"Mtu wako huyo huyo aliyekwambia mahindi yatapanda bei?" muuza chai akamuuliza.

"Mahindi yalipanda."

"Yalipanda kwenye lori, yakaondoka."

Wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia akasema yeye haamini hata kama kulikuwa na bomu, itakuwa mtungi wa gesi. Mwingine akasema hapana, kuna nchi ya nje iko nyuma ya mambo haya. Fundi akasema nchi ya nje ya nini, wenyewe wapo humu humu. Kila mmoja alikuwa na ripoti yake. Nilikuwa nawasikiliza na karibu nitabasamu, kwa sababu angalau hapa, nilifikiri, kuna watu wasiomeza kila wanacholishwa.

Kisha fundi akafuta mikono kwa kitambaa. "Yote uongo. Ila pale kwa yule mama wa viatu, pale wamesema kweli. Yule mimi siku zote nilimtilia shaka. Safari zile za nini kila mwezi?"

"Za viatu," nikasema.

Wakageuka wote. "Wewe dada ulijuaje kilichokuwa ndani ya mfuko?" fundi akaniuliza, bila ubaya, kama anayetaka kweli kujua. "Ulifungua?"

Nikaitazama miguu yake. Alikuwa amevaa raba alizonunua kwa yule mwanamke. Nilikuwepo siku alipozinunua, alipunguziwa bei kwa sababu ya utani. Ripoti nzima wameikataa, ukurasa kwa ukurasa, wakabakiza aya moja tu inayomhusu mtu wasiyemwogopa.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa ndani ya nyumba ya mama wa marehemu. Nilikwenda kumsalimia jioni moja kabla jua halijazama. Alikuwa anakunja nguo za mjukuu wake na kuzipanga kwenye begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Huyu nampeleka Mpale kwa mdogo wangu, shule zikifungwa Ijumaa. Akaanze huko. Mwalimu wa kule amekubali kumwandikisha kwa jina la mume wa mdogo wangu."

"Na jina la mama yake?"

Alikunja sketi iliyoshonwa upya, akailaza juu ya nyingine. "Mimi nawaza," alisema, "labda kuna mtu alimwomba amshikie mzigo. Alikuwa na huruma, unamjua. Labda alishikishwa bila kujua. Eh, mwanangu? Maana wale ni watu wa serikali, wana vipimo. Wataandikaje tu kwamba mkono ulikatika kama haukukatika?"

Mama mzazi alikuwa anamtafutia mwanawe utetezi kwa kosa ambalo hakulifanya. Alionyeshwa uso tu. Mikono ya mwanawe aliisoma kwenye ripoti.

Nikaondoka bila kumwambia neno. Nilijilaumu njia nzima, na njia yenyewe ni hatua sitini.

Jumanne nikapanda basi kwenda Korogwe. Nilisikia kuna ofisi inayopokea maoni ya wananchi kuhusu ripoti, na nilikuwa nimeandika maelezo kurasa mbili, nimeyarudia mara nyingi hadi nikaacha kuyaelewa. Siri ya maiti nilikuwa naivunja kwa woga mkubwa. Nilijiambia naivunja mbele ya mtu mmoja tu, ofisini, mlango umefungwa.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, na upole wake ulinichosha kuliko kama angefoka. Alinikaribisha kiti. Alisoma kurasa zangu zote mbili bila haraka.

"Binti, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana. Nilikuwa nikimwaga maji."

"Ulipiga picha?"

"Maiti hapigwi picha anapooshwa."

"Sawa, naheshimu." Akageuza ukurasa. "Hapa umeandika kwamba unaamini mkono wa kushoto ulikuwepo. Uliuona?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo kichwani mara elfu, na kila mara jibu lilikuwa tofauti. Nilimwona bibi akiinama upande ule. Nilimwona akipitisha mkono chini ya shuka. Lakini shuka haikusogezwa kwangu, na mtu mwaminifu hasemi ameona alichokisia.

"Nadhani," nikasema.

Akafunika kalamu yake. Alifanya hivyo taratibu, akaiweka sambamba na ukingo wa meza. "Nadhani siwezi kuiandika, binti yangu. Tume imemaliza kazi, faili limefungwa. Na wewe umesoma. Unajua maneno kama haya, bila ushahidi, yanaweza kumfikisha mtu wapi. Nenda ukatafute kazi. Una cheti kizuri."

Nilitoka nikasimama kando ya barabara, mabasi ya Arusha na Tanga yakipita, na nikawa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Yule afisa alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma. Alinitaka niwe na hakika, na mimi naamini katika hakika. Lakini watu walioandika kwamba mkono ulikatika, ni nani aliwauliza wao wamelijuaje? Ni nani aliwafunikia kalamu? Mtu anayejiuliza maswali alirudishwa nyumbani kwa sababu anajiuliza, na asiyejiuliza kitu amechapishwa kwa karatasi nzuri. Uangalifu wangu wote, ule niliojivunia chuoni, ulikuwa umetumika kunifunga mdomo, na mfungaji hakuhitaji hata kamba. Nilimletea mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba anachambua mchele. Sikumwamkia vizuri. Nilikaa, nikasema moja kwa moja.

"Bibi, ule mkono wa kushoto."

Hakuinua macho. "Nilikwambia usiniambie."

"Sikuambii. Nakuuliza."

"Ndiyo hayo hayo." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Umetoka wapi?"

"Korogwe. Kwa wale wa ripoti."

Hapo akaniangalia. Bibi akikasirika huingia kwenye Kizigua, na alinipa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa haraka, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Unajua nimeosha wangapi? Kuna waliokufa kwa kupigwa na waume zao, nikawaosha, nikawafunika, nikanyamaza. Kuna wasichana walikuwa na mimba ambazo mama zao hawakuzijua. Nikinena moja, nani ataniletea mtu wake tena? Watawazika na uchafu wao."

"Na hao waliopigwa na waume zao," nikasema, "waume wakaoa tena."

Nilijua nimekosea kabla sijamaliza. Bibi aliweka ungo chini. Sijawahi kumjibu bibi yangu namna ile, na sijui kama ningeweza kurudia.

"Wameandika nini hasa?" akauliza mwishowe. "Mimi sikusoma. Watu wananiambia vipande vipande."

Nikamweleza. Kwamba alibeba bomu. Kwamba mkono wake wa kushoto ulikatika. Kwamba mama yake sasa anaamini. Kwamba mtoto anapelekwa Mpale Ijumaa kubadilishwa jina.

"Jina la mama yake?"

"Linafutwa."

Akachukua ungo tena, akaupepeta mara moja, mara mbili, ingawa mchele ulikuwa safi. "Wewe ulikuwa msaidizi wangu siku ile," alisema. "Maji nani alileta?"

"Mimi."

"Kafuri?"

"Mimi."

"Pamba?"

"Mimi."

"Udongo nilikutuma?"

Nikasema hapana. Nikahisi kitu kinanijia polepole, kama mtu anayetambua sauti kabla hajaona uso.

Mwaka uliotangulia, mzee mmoja aliungua kwenye nyumba ya makuti, na waoshaji wa kiume walituma watu kuleta udongo mkavu, safi, mara mbili. Nilimuuliza bibi kwa nini. Alinieleza kwamba maiti hutawadhishwa kabla ya kuoshwa, kama mtu anayekwenda kuswali, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Mahali ambapo mwili umeharibika, maji hayawezi kupita, hufanyiwa tayamamu kwa udongo. Hakuna mwosha anayejua kazi yake anayeiruka hatua hiyo. Bibi yangu ni mtu wa kurudia kuosha mwili mzima kwa sababu alisahau kuanza na upande wa kulia.

"Mimi sikusemei mwili wake," bibi alisema. "Mwili wake ni wake. Nakuambia kazi yangu. Nilimtawadhisha kwa maji kila kiungo, udongo sikuomba. Akiniuliza mtu kuhusu kazi yangu, nitamjibu."

"Na mgongoni?"

"Hilo si kazi yangu. Hilo ni lake, na baada yake ni la mama yake. Ukamwambie huyo kwanza, usimwambie mwingine kabla."

Nilikwenda asubuhi yake. Nilimwambia mama yote, kuanzia udongo ambao haukuombwa. Alikuwa Mwislamu aliyezika watu wengi, hakuhitaji maelezo. Alishika ukingo wa kitanda. Kisha nikamwambia kuhusu tundu lililozibwa pamba. Nilimwambia sijui lilitokana na nini. Inaweza kuwa risasi, inaweza kuwa kipande cha chuma kilichorushwa na bomu. Nimesoma mtandaoni hadi macho yameniuma na bado sijui.

"Lilikuwa mgongoni?"

"Mgongoni, mama."

"Basi alikuwa ameupa mgongo ule moto." Alilifikiria hilo. "Alikuwa anakimbia aje huku."

Hata mimi, pamoja na tabia yangu, sikuona haja ya kumuuliza amelijuaje.

"Kesho kuna mkutano wa kijiji," alisema. "Mimi siwezi kusimama mbele ya watu wale. Wewe unaweza?"

Nilitaka kusema nitafikiria. Mdomo ulishaanza. Nikasema naweza.

"Useme na la mgongoni," akasema. "Hilo nimekuruhusu mimi."

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Ajenda zilikuwa bomba lililokatika, mifugo inayoingia mashambani na choo cha shule. Zilichukua saa mbili na nusu, na kwa muda wote huo nilitunga sentensi ya kwanza na kuifuta, nikaitunga tena. Nilifikiri kuhusu afisa na neno lake kwamba nimesoma. Nilifikiri kuhusu maombi yangu ya kazi, na nani atayasoma, na nani atampigia nani simu. Nilifikiri kwamba watu wa banda la chai watachukua tundu lile wakalifanyia hadithi yao, na kesho nitasikia kwamba nilisema serikali ndiyo iliyolipua. Yote hayo yalikuwa kweli. Niliyapima moja moja, nikaona hakuna hata moja linalobadilisha kilichotokea uani.

Mwenyekiti akasema, "Mengineyo." Ni ajenda ya mwisho ya kila mkutano, watu huwa wameshaanza kutafuta ndala zao. Nikanyoosha mkono.

"Binti wa chuo ametuletea mhadhara," fundi pikipiki alisema kutoka nyuma, na wachache wakacheka.

Nikasimama. Nilisema kwamba nilikuwepo alipooshwa jirani yetu, yule ambaye ripoti inamwita namba saba. Nikasema mkono wake wa kulia niliuona mzima. Nikasema wa kushoto sikuuona kwa macho yangu na sitadanganya kwamba niliuona, lakini ulitawadhishwa kwa maji, na siku ile yote hakukuombwa udongo. Kelele zilikatika upande wa wazee kwanza, halafu kwa wanawake. Nyuma, jirani yetu ambaye ni Mkristo alimnong'oneza mwenzake, "Udongo wa nini?" na mwenzake akamweleza kwa maneno machache, akinyoosha mkono wake wa kushoto na kuupangusa kwa kiganja cha kulia.

Fundi akasema, "Hayo anayasema bibi yako?"

Watu wakageuka kumtafuta bibi. Alikuwa amekaa dirishani, kwenye kiti pekee cha mwalimu. Hakusimama.

"Nimemwosha mama yako," alimwambia fundi. "Ulishasikia nimesema nini kuhusu mama yako?"

"Hapana, bibi."

"Na hutasikia. Basi usiniulize kuhusu yule, niulize kuhusu maji. Nilitumia maji. Udongo sikutumia. Kaa chini."

Fundi alikuwa amekaa tayari, lakini alijikunyata zaidi kwenye dawati lake.

Nikaendelea. Nilisema kwamba mgongoni, chini ya bega la kulia, palikuwa na tundu dogo lililozibwa pamba. Nikasema mimi si daktari na sijui ni la nini, na nisisikie mtu akisema nilisema ni la nini. Waliolipwa kujua ndio waliopaswa kuandika, na wameandika kwamba halikuwepo. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa ndani ya darasa lile, na nikawaambia. Niliwaambia kwamba hakuna hata mmoja wao anayeiamini ripoti ile, nimewasikia kwa masikio yangu wakiicheka, lakini waliiamini pale tu ilipowapa ruhusa ya kutonunua maandazi.

Mwenyekiti alikohoa, akamwangalia mtendaji wa kijiji, kijana wa rika langu, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika muhtasari. Kalamu yake ilikuwa imesimama tangu niliposema namba saba.

"Hili si la ngazi yetu," mtendaji alisema. "Ni suala la kitaifa. Muhtasari huu unakwenda kata, unakwenda wilayani. Tulipokee kwa mdomo tu."

"Andika," nikasema.

"Dada, unaelewa kwamba nikiandika ni lazima niweke jina la msemaji?"

"Naelewa."

Nilimtajia jina langu la kwanza, la baba na la babu, herufi kwa herufi, kisha namba yangu ya simu. Nikabaki nimesimama kando ya meza yake, natazama mkono wake ukiandika, na kila alipofupisha nilimwambia arudie.